Jaji Nyalali na Jasho la Mkulima

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kawetele, Tukuyu)



Katika ofisi nyingi za vyama vya msingi kuna swali moja ambalo makatibu hawapendi kuulizwa. Swali lenyewe ni fupi: kiwanja hiki cha ghala ni cha nani? Katibu hujibu upesi kwamba ni cha chama. Akiulizwa karatasi iko wapi, husema kuwa wazee wanajua. Lakini wazee wanaojua wanapungua kila mwaka, na vijana wanaokuja kudai viwanja vya babu zao wanaongezeka.

Mazungumzo haya yanahusu maisha na kazi ya mtu mmoja ambaye hakupima ghala wala kununua kahawa, lakini hukumu yake inagusa kila shamba la mila na kila kiwanja cha ghala kilichopo vijijini Tanzania Bara. Mtu huyo ni marehemu Francis Lucas Nyalali, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania tangu mwaka 1977 hadi mwaka 2000.

MAISHA YAKE

Nyalali alizaliwa mwaka 1935, wakati Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza. Alisoma Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kisha akaenda Uingereza kusomea sheria. Aliporudi alianza kazi katika ngazi ya hakimu, akasikiliza mashauri ya watu wa kawaida, na baadaye akawa Jaji wa Mahakama Kuu. Mwaka 1977 Rais Julius Nyerere alimteua kuwa Jaji Mkuu, akishika nafasi ya Jaji Augustine Saidi, ambaye alikuwa Mtanzania wa kwanza kushika cheo hicho. Nyalali alikuwa na umri wa miaka 42 tu, na wako waliokuwa wamemtangulia katika kazi hiyo.

Wakati aliochukua madaraka haukuwa mwepesi. Mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na pamoja nayo ikavunjika mahakama ya rufani iliyokuwa ya nchi zote tatu. Tanzania ikalazimika kujenga mahakama yake yenyewe ya juu, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikaanzishwa mwaka 1979, Nyalali akiiongoza. Katiba ya nchi wakati huo haikuwa bado na orodha ya haki ambazo raia angeweza kuzidai mahakamani. Orodha hiyo iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na ilikuwa mwaka 1988 ndipo raia walipoanza kuweza kuitumia mbele ya majaji.

Watu wengi wanalikumbuka jina la Nyalali kwa sababu nyingine. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi alimweka kuwa mwenyekiti wa tume ya kukusanya maoni kuhusu mfumo wa chama kimoja au vyama vingi. Wengi kati ya waliotoa maoni, yapata watu 80 katika kila 100, walitaka chama kimoja kiendelee, ingawa wengi wao walitaka kifanyiwe marekebisho. Tume haikuhesabu vichwa tu. Ilizipima hoja za wachache, ikashauri vyama vingi viruhusiwe, na mwaka 1992 vikaruhusiwa. Jambo hili linatajwa hapa kwa sababu linaonyesha tabia ya mtu huyu: hakudharau hoja kwa kuwa imeletwa na wachache. Tabia hiyo ilionekana tena miaka miwili baadaye, walipofika mbele yake baba mmoja na mwanawe wenye shauri la shamba.

ARDHI KABLA YA SHAURI HILO

Ili kuelewa shauri lenyewe, yafaa kukumbuka historia ya ardhi katika nchi hii. Mwaka 1895 Serikali ya Wajerumani ilitangaza kuwa ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola lao, na mwenyeji ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba anayo haki. Waingereza nao, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, waliitangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ardhi ya umma chini ya Gavana, itumike kwa manufaa ya wenyeji. Mwaka 1928 sheria hiyo ilirekebishwa ili itambue pia haki ya mwenyeji anayekaa katika ardhi kwa kufuata mila.

Utambuzi huo ulikuwa dhaifu. Mwaka 1951 Serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Mwaka 1952 mwakilishi wao, Kirilo Japhet, alikwenda kusema mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York. Alisikilizwa, lakini ardhi haikurudishwa wakati ule. Haki ya mila ilikuwako katika maandishi, lakini mwenye nguvu aliweza kuiruka.

Wenyeji wa Rungwe hawahitaji kufundishwa thamani ya haki hiyo. Zamani, vijana wa Kinyakyusa walijenga vijiji vyao vya rika, na ardhi iliweza kugawanywa upya kizazi kipya kiliposhika uongozi. Kahawa ilipoenea, mambo yakabadilika. Mkahawa haukai msimu mmoja na kung'olewa kama mahindi. Mtu akiupanda huutegemea miaka mingi, na hutaka mwanawe ndiye auvune. Hivyo shamba likazidi kuwa la nyumba na la urithi, nayo migogoro ya mipaka ikaongezeka. Jasho likiisha kuingia katika udongo, aliyelitoa huiona ardhi hiyo kuwa mali yake. Swali lilikuwa: je, na sheria inaiona hivyo?

Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Katika wilaya zenye migomba na kahawa, ambako watu walikuwa tayari wamesongamana, wengi hawakuhamishwa mbali. Katika sehemu nyingine nyingi familia zilihamishwa, na mashamba yao ya asili wakapewa watu wengine. Aghalabu jambo hilo lilifanyika bila kufuata sheria yoyote ya ardhi. Miaka ya 1980 waliohamishwa walianza kwenda mahakamani kudai mashamba yao, na wengine wakashinda.

SHAURI LA MWAKA 1994

Miongoni mwa walioshinda walikuwamo Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay, wakulima wa Mkoa wa Arusha. Mwaka 1987 walifungua shauri katika mahakama ya hakimu mkazi, wakapewa haki ya kurudishiwa shamba lililochukuliwa wakati wa Operesheni Vijiji. Walikuwa wamekwisha kurudi katika shamba hilo pale Bunge lilipopitisha Sheria Na. 22 ya mwaka 1992. Sheria hiyo ilifuta haki za mila katika ardhi ya vijiji vilivyoanzishwa na Operesheni, ikakataza fidia kwa kupotea kwa haki hizo, na ikaziondolea mahakama za kawaida uwezo wa kusikiliza mashauri ya namna hiyo.

Kwa lugha nyepesi, mtu aliyeshinda mahakamani aliambiwa kwamba haki aliyoshinda haipo tena, kwamba hatalipwa, na kwamba asirudi mahakamani kulalamika.

Baba na mwanawe hawakukubali. Walikwenda Mahakama Kuu wakidai kwamba sheria hiyo inavunja Katiba, na wakashinda. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufani. Hivyo shauri likafika mbele ya Jaji Mkuu Nyalali, akiwa pamoja na majaji wenzake Makame na Kisanga, na hukumu ikatolewa Desemba 1994.

Hoja kubwa ya Serikali ilikuwa hii: haki ya mila katika ardhi si mali. Ilielezwa kwamba mwenye haki hiyo hana uwezo wa kuwazuia watu wote wengine, wala hawezi kuihamisha haki yake bila idhini ya mwenye ardhi aliye juu yake. Na kama si mali, basi ile ibara ya 24 ya Katiba, inayolinda mali ya mtu na kukataza kunyang'anywa bila fidia ya haki, haimhusu.

Jaji Nyalali alilijibu jambo hili kwa utulivu. Alirudi katika historia ya sheria tangu wakati wa Waingereza, akaonyesha kuwa ardhi iliwekwa mikononi mwa Serikali kama dhamana kwa faida ya wananchi. Mwenye kushika dhamana hawezi kugeuka akamwambia mwenye mali kuwa hana chake. Kisha akayatazama matokeo ya hoja ya Serikali. Wananchi wengi wa nchi hii huishi na kulima kwa haki ya mila. Ikiwa haki hiyo si mali, basi wengi wao ni wavamizi tu katika nchi yao wenyewe. Mahakama ilikataa kuamini kwamba hiyo ndiyo maana ya sheria za nchi huru. Ikaamua kwamba haki ya mila katika ardhi ni mali, na inalindwa na Katiba.

Fidia nayo ilifafanuliwa. Kwa desturi ya muda mrefu, mwenye ardhi aliyeondolewa alilipwa thamani ya maendelezo aliyoyaweka, kama nyumba na mazao ya kudumu. Mahakama ilikwenda mbele ya hapo. Ilisema kwamba hata pale ambapo maendelezo hayaonekani, ikiwa mtu ametia juhudi yake katika ardhi hiyo, anastahili kulindwa na kulipwa fidia ya haki. Aliyefyeka msitu na kuusawazisha udongo amefanya kazi, hata kama bado hajapanda mche mmoja. Mahakama ilikataa pia vifungu vilivyomfungia mwananchi milango ya mahakama, kwa sababu kazi ya kutoa haki ni ya mahakama.

MIPAKA YA HUKUMU

Si vizuri kuisifu hukumu hii kupita kiasi. Nyalali hakusema kwamba Serikali haiwezi kamwe kutwaa ardhi. Inaweza, kwa shughuli ya umma, kwa kufuata sheria na kwa kulipa fidia ya haki. Wala hakusema kwamba kila anayenyoosha kidole kuelekea pori ni mwenye pori hilo. Ulinzi aliouzungumza ulikuwa wa ardhi iliyotiwa kazi. Pori ambalo hakuna aliyeligusa halikupata ulinzi huo.

Aidha, hukumu haikuwarudishia mashamba wote waliohamishwa. Bunge lilipotunga Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, lilithibitisha kwa masharti ugawaji wa ardhi uliofanywa vijijini kati ya mwaka 1970 na 1977, ili migogoro ya zamani isiendelee bila mwisho. Hata hivyo sheria hiyo na mwenzake, Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka huo huo, zilibeba matunda ya hukumu ya 1994. Zinatamka kwamba haki katika ardhi ina thamani, kwamba anayeondolewa alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati, na kwamba haki ya mila ina hadhi sawa na haki inayotolewa na Serikali kwa hati. Sheria zote mbili zilianza kutumika mwezi Mei 2001.

Sheria ya Vijiji inakataza pia mila inayomnyima mwanamke haki katika ardhi. Njia ya jambo hilo ilikuwa imekwisha kufunguliwa na jaji mwingine, James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, ambaye mwaka 1990 huko Mwanza aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake aliweza kuliuza kama vile mwanamume angeliuza. Makatibu wanaoandika majina ya wanachama wafahamu hilo, hasa mjane anapokuja kuomba nafasi ya marehemu mumewe.

MFANO WA SKOTLANDI

Jambo la jasho la mkulima mdogo si la Tanzania peke yake. Huko Skotlandi, katika nchi ya milima ya kaskazini, wapangaji wadogo walifukuzwa kwa maelfu katika karne ya 18 na ya 19, na mahali pengi ardhi yao ikafanywa malisho ya kondoo wa matajiri. Mtu aliweza kujenga nyumba ya mawe kwa mikono yake, akaondolewa bila kulipwa jiwe moja. Baada ya machafuko, sheria ya mwaka 1886 iliwapa wakulima hao uhakika wa kukaa maadamu wanalipa kodi, na haki ya kulipwa maendelezo yao wanapoondoka. Mwaka 1912 ikaanzishwa Mahakama ya Ardhi ya Skotlandi, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Lord Kennedy. Sheria inataka mjumbe mmoja wa mahakama hiyo awe anajua Kigaeli, lugha ya wakulima wenyewe, ili asiwepo mtu atakayepoteza shamba kwa kukosa maneno ya kujieleza.

Wa Skotlandi walilindwa na sheria iliyotungwa na Bunge. Akonaay na mwanawe walilindwa na majaji waliopima sheria ya Bunge kwa kipimo cha Katiba. Njia ni mbili, lakini fundisho ni moja: kazi ya mikono ya mnyonge ikitambuliwa na sheria, mnyonge husimama sawa na mwenye nguvu mbele ya hakimu.

HAYA YANAKIHUSU VIPI CHAMA CHA MSINGI?

Tuchukue mfano wa chama ambacho mzee mmoja alikipa kiwanja cha kujenga ghala, zamani, kwa maneno ya mdomo, mbele ya majirani. Wanachama walibeba mawe, wakachanga fedha, wakajenga. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa na vijiji vikapewa kazi ya vyama vya msingi. Sheria ya 1982 ikarudisha vyama, lakini mahali pengi madaftari ya zamani hayakurudi pamoja navyo. Leo mjukuu wa mzee yule anakuja na kusema kuwa babu aliazima tu kiwanja, hakukitoa.

Kwa hoja ya hukumu ya 1994, jasho la wanachama lina uzito. Mawe waliyobeba na uwanja waliousawazisha ni juhudi iliyotiwa katika ardhi. Lakini mjukuu naye ana jasho la babu yake la kudai, na huenda anasema kweli. Baraza halitaamua kwa kupima nani anasema kwa sauti kubwa. Litauliza: nani alitoa, lini, mbele ya nani, na ujenzi ulifanywa na nani? Tukumbuke kwamba Akonaay na mwanawe walifika Mahakama ya Rufani wakiwa na hukumu ya mahakama mkononi. Jaji alikuwa na la kulinda kwa sababu wao walikuwa na la kuonyesha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi yako mambo manne ambayo kila katibu hana budi kuyatenda.

Kwanza, aandike maelezo ya wazee waliopo kuhusu kila kiwanja cha chama, yakitaja mipaka na jina la aliyetoa. Yatiwe sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi wasio viongozi wa chama. Wazee wa ukoo wa aliyetoa wahusishwe pia. Wakiwa na malalamiko, ni heri yasikike sasa wakati mashahidi wako hai.

Pili, apeleke jambo hilo katika mkutano mkuu wa wanachama na kuliandika katika kumbukumbu za mkutano. Kiwanja kinachojulikana na mwenyekiti peke yake ni rahisi kuuzwa na mwenyekiti peke yake.

Tatu, palipo ardhi ya kijiji, chama kiombe hati ya hakimiliki ya kimila katika Halmashauri ya Kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inakitaja chama cha ushirika cha msingi kwa jina miongoni mwa wanaoweza kuomba. Palipo ardhi ya mji, kama ilivyo sehemu za Tukuyu, chama kifuate utaratibu wa ofisi ya ardhi ya wilaya.

Nne, mgogoro ukitokea, chama kianze kwa suluhu katika Baraza la Ardhi la Kijiji au la Kata. Ikumbukwe kuwa tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata linapatanisha tu, halitoi hukumu ya ardhi. Suluhu ikishindikana, shauri liende katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Katibu asingoje hadi kufuli la ghala livunjwe.

MWISHO

Jaji Nyalali alistaafu mwaka 2000, akafariki mwaka 2003. Msomi wa Kimarekani, Jennifer Widner, ameandika kitabu kizima juu yake na juu ya uhuru wa mahakama. Lakini kumbukumbu iliyo karibu zaidi na mkulima haimo katika kabati la vitabu. Imo katika shamba la mtu asiye na hati, ambaye hata hivyo haitwi mvamizi katika nchi yake.

Hukumu hiyo imekwisha kutolewa, na wanaushirika hawahitaji kuipigania upya. Kilichobaki ni kazi ya kalamu, na kazi hiyo ni ya makatibu. Mzee anayejua mpaka wa ghala huenda leo yuko nyumbani kwake, akiota moto kwa ajili ya baridi ya Rungwe. Yafaa katibu aende kwake na daftari wiki hii, kabla msimu wa kahawa haujamnyima nafasi.